Daftari la Safari Zetu

Mtu anunuapo gari lake la kwanza, hata likiwa ni la mtumba lililokwisha kutembea miaka saba katika barabara za Japani kabla ya kupakiwa melini na kuteremshwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, furaha yake haiwi ya chombo peke yake. Aghalabu ni furaha ya kuwa sasa anao uwezo wa kutoka nyumbani kwake saa aitakayo, kwenda aendako, na kurudi bila ya kumwomba mtu ruhusa wala kumwarifu mtu njia aliyoipita. Furaha hiyo niliionja nami miaka miwili iliyopita, katika umri ambao wenzangu wengi wamekwisha kuyauza magari yao, na nataka kueleza jinsi ilivyoingia doa, kwa kuwa naona ndugu zangu wengi wanaonunua magari leo wanapita njia ile ile niliyoipita mimi, na hakuna aliyesimama penye njia panda kuwapa hadhari.

Fedha nilizodunduliza zilitosha nusu ya bei. Nusu iliyobaki nilikopeshwa na taasisi moja ya mikopo ya mjini, kwa shuruti ambazo kila mkopaji wa Dar es Salaam anazijua: kadi ya gari ibaki mikononi mwao mpaka deni liishe, bima iwe bima kubwa, na gari lifungwe GPS kwa gharama ya mkopaji. Kijana fundi aliinama chini ya dashibodi muda usiotimia saa moja, akaunganisha nyaya zake, akarudisha kila kitu mahali pake hata usingeweza kujua kuwa paliguswa, kisha akaniambia kwa upole, "Mzee, tumemaliza, sasa hata likiibwa usiku, asubuhi utalipata." Nikamshukuru. Nikatia sahihi karatasi kadhaa ambazo sikuzisoma zote, kwani maandishi yalikuwa madogo, na watu waliosimama nyuma yangu walikuwa wengi, nao walikuwa na haraka.

Mwezi wa nne baada ya hapo dada yangu aliugua homa kali huko Bagamoyo, nami nikaenda kumwuguza. Siku ya tatu asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, tunaona gari lako liko Bagamoyo siku ya tatu sasa, na usiku halihami pale lilipo. Kuna tatizo lolote? Au umeliuza?"

Sikuwa nimechelewesha malipo hata ya mwezi mmoja. Nilimweleza kijana yule habari ya ugonjwa, akanipa pole kwa adabu njema, akamwombea dada yangu afya, na mazungumzo yakaisha. Wala simlaumu yeye, maana alikuwa ametumwa na kazi yake. Lakini nilipokwisha kuiweka simu chini nilikaa kitako uani, mbele ya gari langu mwenyewe, na fadhaa ikanishika ambayo sikuweza kuifahamu mara moja. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, kwa kuwa kata ndiyo huingia ndani ya mtungi kila siku. Na sasa mtu nisiyemjua kwa sura, aliyekaa ofisini umbali wa safari ya saa mbili, alikuwa ameingia ndani ya mtungi wangu mara nyingi kuliko mke wangu. Alijua nyumba niliyolala. Bila shaka alijua pia msikiti ninaosali Ijumaa, hospitali ninayokwenda kupimwa sukari kila baada ya miezi miwili, rafiki ninayemtembelea na muda ninaokaa kwake, na saa ninayorudi nyumbani usiku. Nami, mwenye safari hizo, sikuwa na daftari lake hata ukurasa mmoja.

Watu wa pwani hii hawakungoja sheria za karne hii kuwafundisha maana ya sitara. Atazamaye nyumba za mawe za Lamu ataona kuwa mafundi wa zamani walizijenga kwa hesabu ya macho ya mpita njia: kwanza daka, mahali mgeni anapopokewa na kukalishwa mbele ya mlango, kisha tekani, ambapo njia ya kuingilia hupinda makusudi ili mlango ujapokuwa wazi, aliye barabarani asione kilicho uani, kisha ndipo kiwanda na misana, kila kimoja kikiwa ndani zaidi kuliko kilichotangulia, mpaka kufika chumba cha ndani kabisa ambacho jamaa peke yao hukifikia. Na adabu ya hodi inakwenda sambamba na ujenzi huo: mgeni hubisha mara tatu, na asipojibiwa huenda zake, asiulize kwa nini hakufunguliwa. Mwenye nyumba aliyenyamaza hakuhesabiwa kuwa ana uovu anaouficha. Alihesabiwa kuwa yuko katika haki yake. Hiyo ndiyo haki ninayoizungumzia hapa, nayo haikomi mlangoni. Mtu hutoka nayo njiani, na hupanda nayo gari.

Yafaa msomaji akijue chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana hofu ya kitu kisichojulikana haina faida, na imani ya kitu kisichojulikana ina hatari zaidi. Juu yetu, kiasi cha kilomita 20,200, huzunguka satelaiti za Marekani ambazo kazi yake ni kutangaza mfululizo saa na mahali zilipo. Satelaiti hizo hazilijui gari lako wala wewe mwenyewe, kama mnara wa taa uliojengwa mwambani unavyowamulikia manahodha wote bila ya kujua ni jahazi gani linalopita usiku ule. Kifaa kilichofungwa ndani ya gari husikia matangazo ya satelaiti zisizopungua nne, kikafanya hesabu, kikajua kiko wapi. Na mpaka hapo hapana siri yoyote iliyotoka. Siri hutoka katika hatua ya pili, kwa kuwa ndani ya kisanduku kile kidogo mna laini ya simu kama iliyo katika simu yako ya mkononi, na laini hiyo hupeleka habari kila baada ya muda mfupi kwenye seva ya kampuni iliyokifunga: gari liko wapi, linakwenda mwendo gani, injini imewashwa saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Baadhi ya vifaa hufungwa pamoja na rilei ya kukata mafuta, ili gari lizimwe kutoka mbali. Na vingine, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi, vina kipaza sauti, hata mwenye namba ya laini ile akiipigia simu aweza kusikia mazungumzo ya waliomo garini.

Sitaki nidhaniwe kuwa napinga chombo hiki. Wezi wa magari wapo, na mwenye gari lililoibwa Jumamosi usiku akalipata Jumapili mchana kwa msaada wa kifaa hiki hana budi kukishukuru. Mdai naye ana haki yake. Ametoa mamilioni ya shilingi kumpa mtu asiyekuwa na rehani nyingine ila gari lenyewe, na gari ni rehani yenye magurudumu, iwezayo kuvuka mpaka wa Tunduma au Namanga kabla ya tarehe ya malipo kufika. Insafu inataka tukiri hayo. Kadhalika sina ugomvi na serikali kuyataka mabasi ya abiria yafungwe mfumo wa kufuatilia mwendo, kama ifanyavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini ya Tanzania, kwa mabasi ya masafa marefu, kwa sababu dereva aliyebeba roho za watu hamsini hana faragha ya mwendo wake. Abiria wamempa amana, na amana huangaliwa.

Lakini kulinda gari ni jambo moja, na kuandika maisha ya mwenye gari ni jambo la pili, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kuwa aliyeruhusiwa la kwanza hana uwezo wa kulifanya la pili. Mdai anahitaji kujua gari liko wapi siku lilipoibwa, au siku mdaiwa alipoacha kulipa na simu yake haipatikani. Hahitaji kujua kwamba Jumanne niliegesha mbele ya hospitali. Ilhali kifaa chenyewe hakijui tofauti ya siku ya wizi na siku ya kuuguza. Huandika zote kwa wino mmoja, na zote hubaki, mwezi baada ya mwezi, zikingoja mtu atakayekuwa na sababu ya kuzisoma. Mlinzi wa usiku tunayemwajiri getini hulinda pale alipo, wala hatufuati sokoni, msibani na kwa daktari, kisha akaenda kumwandikia mwingine taarifa. Angefanya hivyo tungemwita jasusi, na tungemfukuza siku ile ile.

Tena daftari lile halina kufuli imara kama tunavyoaminishwa. Mwezi wa Julai 2022 wakala wa serikali ya Marekani ushughulikao na usalama wa mitandao ulitoa ilani juu ya kifaa kiitwacho MiCODUS MV720, kitengenezwacho Shenzhen nchini China na kuuzwa kwa bei ya chini, baada ya watafiti wa kampuni ya BitSight kugundua ndani yake dosari 6. Vifaa vilitoka kiwandani vikiwa na neno la siri 123456, na wenye magari wengi hawakulibadili wala hawakuambiwa walibadili. Na zaidi ya hilo, mtu aliye mbali angeweza kujipenyeza, akaona safari za gari, na hata kuyakata mafuta. Vifaa vya kampuni hiyo vilikisiwa kuwa milioni 1.5 katika nchi 169. Namwomba kila msomaji ambaye gari lake limefungwa GPS ajiulize, kabla ya kulifunga gazeti hili, kama amewahi kuambiwa neno la siri la kifaa chake ni lipi na ni nani mwingine analijua.

Wala asidhani mtu kuwa hatari hii ni ya bidhaa za bei rahisi tu. Kampuni ya Toyota, ambayo jina lake katika Afrika ya Mashariki limekaribia kuwa na maana moja na neno gari, ilitangaza mwezi wa Mei 2023 kwamba habari za wateja wake takribani 2,150,000 wa Japani, pamoja na mahali magari yao yalipokuwa na nyakati zake, zilikuwa zimeachwa wazi tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023, kwa sababu mtu alikosea kuupanga mfumo wa kuzihifadhi. Karibu miaka 10 mlango ulikuwa umerudishwa tu bila ya kutiwa komeo, na hakuna aliyetambua. Mwishoni mwa mwaka 2024 ikawa zamu ya Volkswagen, magari ya umeme kiasi cha 800,000, ambayo mengi yao mahali yalipoegeshwa palionekana bayana. Na General Motors ya Marekani haikuhitaji kukosea. Ilizikusanya habari za mwendo wa madereva, mahali walipo mara nyingine kila baada ya sekunde 3, zikafika kwa kampuni zinazoziuzia kampuni za bima taarifa za watu, na mwaka 2024 madereva wakaanza kufahamu kwa nini bima zao zilipanda ghafla. Tume ya Biashara ya nchi hiyo, Januari 2025, ilitangaza amri ya kuizuia kampuni hiyo isitoe habari hizo kwa wauza taarifa kwa muda wa miaka 5. Taasisi ya Mozilla ilikuwa imekwisha kuzipima chapa 25 za magari mwaka 2023, na hakuna hata moja iliyofaulu katika suala la faragha. Magari hayo mapya, yenye kuzungumza na makao makuu yao kutoka barabarani, sasa yameanza kuonekana katika yadi za Nairobi na Dar es Salaam, na yaliyo mapya Ulaya na Japani leo ndiyo yatakayokuwa mtumba wetu kesho.

Nimesikia neno moja mara nyingi nilipolizungumza jambo hili barazani, na wenye kulisema ni watu wema: "Mimi sina la kuficha." Nalijibu kwa taadhima. Mtu afungaye mlango wa chumba chake hafichi jinai, na mgonjwa asiyependa jirani ajue maradhi yake hamdhulumu jirani. Mwenye kusema kwamba hana la kuficha husema hivyo kwa kuwa anamfikiri msomaji mwema wa daftari lake. Lakini daftari halichagui msomaji. Leo lasomwa na karani mwenye adabu, kesho na aliyeachishwa kazi akaondoka na neno la siri, kesho kutwa na mtu anayetaka kujua ni saa ngapi nyumba yako huwa haina mtu. Januari 2012 majaji 9 wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, katika kesi ya United States v. Jones, walikubaliana kwa kauli moja kwamba polisi kukifunga kifaa cha GPS katika gari la mtuhumiwa na kumfuata siku 28 ni upekuzi mbele ya katiba yao. Mmoja wao, Jaji Sonia Sotomayor, alieleza hoja ambayo mtu wa pwani angeifahamu bila ya wakili: kwamba safari zikijumlishwa pamoja hufichua zaidi ya kila safari peke yake, kwa sababu humwonyesha mtu anaabudu wapi, anatibiwa nini, anamwona wakili gani na anashirikiana na nani. Basi ikiwa polisi wa dola kubwa, wakimfuata mtu wanayemshuku kwa biashara ya madawa ya kulevya, walihukumiwa kuwa wamepekua, tuite nini kumfuata kwa miaka miwili mdaiwa asiyechelewa kulipa?

Sheria zetu hazikunyamaza, ingawa wengi wetu hatuzijui. Kenya iliiweka faragha katika ibara ya 31 ya Katiba yake ya mwaka 2010, kisha ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, ambayo pamoja na mengine humtaka mkusanyaji amwarifu Kamishna wa Data katika saa 72 pindi habari za watu zinapovuja kwa namna ya kuwahatarisha. Tanzania, ambayo ibara ya 16 ya Katiba yake inahifadhi maisha binafsi ya mtu, ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ikazaa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambako mtu aliyedhulumiwa aweza kupeleka malalamiko. Msingi wa sheria zote mbili ni mwepesi kufahamika: taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali aliloelezwa mwenyewe, zisizidi lengo hilo, zisikae kupita haja yake, na mwenyewe awe na haki ya kuziona, kuzisahihisha na kutaka zifutwe. Na si maneno ya karatasini tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simuni shilingi 2,975,000 kwa kuwatumia watu ujumbe na simu za vitisho kwa namba ambazo hawakuzitoa wao kwake.

Hapa ndipo ninapokutana na wakopeshaji uso kwa uso. Wao husema, "Alitia sahihi." Ni kweli, nilitia. Lakini sheria inapotaka ridhaa, inataka ridhaa ya mtu aliyeelezwa na mwenye hiari, na hiari ya mhitaji mbele ya meza ya mkopo ni nyembamba kama uzi. Angeambiwa atie sahihi kwamba hatalala ugenini, pengine angetia. Dereva wa bodaboda aliyekopeshwa pikipiki, ambaye kesho yake na chakula cha watoto wake viko katika pikipiki ile, atakataa shuruti gani? Huyo pikipiki yake huzimwa kutoka ofisini siku malipo yanapokawia, popote alipo, awe na abiria au asiwe naye. Kuukata uwezo wa chombo kilicho barabarani ni jambo la roho za watu, wala halifai kuachwa kuwa uamuzi wa karani atazamaye orodha ya majina kwenye kioo cha kompyuta. Lau ningekuwa na sauti mbele ya wanaozitunga kanuni, la kwanza ningelitaka hilo lipigwe marufuku wakati chombo kinakwenda, na lisifanyike kabisa bila ya onyo lililomfikia mdaiwa kwa muda wa kutosha.

Na uovu wa chombo hiki hauko maofisini peke yake. Yapo majumba ambamo mume amemnunulia mkewe gari, akakiweka kisanduku ndani yake pasipo neno, na kila jioni huifungua programu katika simu yake na kusoma alikokwenda, kisha humwuliza maswali ambayo majibu yake anayo tayari. Wapo wake pia waliowafanyia waume zao hivyo hivyo. Dini zetu zimekataza kupelelezana, na wazee walikataza kabla ya kuziuliza dini, kwa kuwa walijua kwamba ndoa inayohitaji satelaiti imekwisha kupoteza kitu ambacho satelaiti haiwezi kukirudisha. Anayedhani gari lake limefungwa kifaa asichokijua na ampelekee fundi umeme wa magari aliye mwaminifu. Atazame chini ya dashibodi, chini ya viti, karibu na betri, na penye tundu la kupimia gari kwa kompyuta, ambamo vifaa vya namna hiyo huchomekwa kwa sekunde chache.

Mnunuzi wa gari la mkononi mwa mtu ana la zaidi la kuuliza, nalo husahaulika daima. Gari lililowahi kufungwa kifaa na mmiliki wa kwanza, au na mdai wake, huenda bado linacho. Kadi imebadilishwa jina, fedha zimelipwa, lakini seva haikuambiwa, na mtu wa zamani angali anaona safari za mtu mpya. Hali kadhalika redio zenye ramani na zinazounganishwa na simu huhifadhi majina ya watu, namba zao na mahali palipoandikwa kuwa ni nyumbani. Auzaye gari na azifute habari zake kabla ya kukabidhi ufunguo, na anunuaye aulize kama zimefutwa.

Kwa mnunuzi anayekopa, nashauri asitie sahihi kabla ya kujibiwa kwa maandishi nani ataona safari zake, kwa sababu zipi na saa zipi. Zitahifadhiwa muda gani. Kama kifaa kina kipaza sauti. Kama naye atapewa njia ya kuona yale yale wanayoyaona wao. Na nini kitatokea kwa kifaa na kwa daftari siku deni litakapokwisha. Taasisi ambayo haiwezi kuyajibu maswali hayo haijui inachokusanya, nayo haistahili kupewa. Kwa wenye taasisi, ambao miongoni mwao wapo waungwana wengi, naomba jambo ambalo haliwapunguzii senti: macho yenu yafumbeni maadamu mdaiwa analipa. Mahali gari lilipo paonekane pale tu lilipoibwa au malipo yalipokatika, kwa idhini ya afisa anayejulikana kwa jina, na kila aliyefungua aache alama ya kuwa alifungua. Mitambo ya kufanya hivyo ipo, na benki huitumia kila siku kujua ni karani gani aliitazama akaunti ya mteja.

Deni langu lilikwisha mwezi uliopita. Nilikwenda kuichukua kadi yangu, na kijana fundi, si yule wa kwanza, akakitoa kisanduku chini ya dashibodi. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, kiasi cha kiberiti, na taa yake ya kijani ilikuwa ingali ikiwaka. Nikamwuliza karani dirishani habari ya safari zangu za miaka miwili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali geni, akasema, "Zipo kwenye mfumo, mzee, lakini hazina madhara." Nikarudi nyumbani, nikaandika barua kwa mkono wangu, nikaitaja Sheria ya mwaka 2022, nikaomba nipewe nakala ya kila kilichoandikwa juu ya gari langu, niambiwe kilionwa na nani, kisha kifutwe. Zimo ndani ya daftari lile siku zile tatu za Bagamoyo, na nyingine saba za mwezi uliofuata, nilipokwenda kumzika dada yangu. Barua wameipokea na kuigonga muhuri, na nakala yake ninayo. Jibu bado sijalipata, na Jumatatu nitakwenda tena kuliuliza.